Jibu kwa aliyeambiwa achague: uchekeshaji au kuimba kanisani

Ndugu, umeuliza kama aliyeokoka anaweza kuendelea na uchekeshaji na kazi ya MC huku akiongoza sifa, na kwamba mchungaji amekupa hadi mwisho wa mwezi uamue. Mimi naishi hivyo hapa Nairobi miaka sasa: Jumamosi ni MC wa harusi na ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), shule zikifunguliwa naigiza tamthilia za fasihi, Jumapili naimba. Usiache kazi.

Watu huona hatari kwenye jukwaa la dunia tu. Mimi naiona zaidi kwa msanii wa injili ambaye kodi ya nyumba inangoja wimbo. Huyo ataimba kwa mwanasiasa yeyote mwenye bahasha, na asipokuwa na ujumbe atautunga tu, maana tarehe tano imefika. Mirabaha haimfikishi mbali, na kuna makanisa yatakutoa Rongai hadi Kasarani kisha yakuage na "Mungu akubariki, mtumishi", nauli hakuna. Studio yangu inalipwa na harusi, kwa hiyo hakuna anayeniamulia niimbe nini.

Wala si jambo geni. Cliff Richard wa Uingereza alipotangaza imani yake 1966, kwenye mkutano wa mhubiri Billy Graham jijini London, tayari alikuwa nyota wa muziki na filamu. Alifikiria kuacha yote awe mwalimu, lakini hakuacha. Aliendelea na nyimbo za mapenzi, na kando yake akafanya matamasha ya injili kuchangia Tearfund, shirika la misaada la Kikristo. Hapa kwetu mwimbaji Size 8 alishika njia nyingine, 2013 akahamia injili kabisa. Simlaumu. Ila wito haupangiwi tarehe na kamati.

Maneno utayasikia, jiandae. Niliwahi kuigiza mlevi pale Ukumbi wa Kitaifa wa maigizo, mkabala na hoteli ya Norfolk, na kati ya wanafunzi waliojaa ukumbini walikuwemo watoto wa ushirika wetu. Jumapili mama mmoja akanivuta kando: "Ndugu, si wewe umeokoka? Mbona ulikuwa unakunywa?" Chupani mlikuwa na chai ya rangi. Nikamuuliza, Pasaka yule kijana anayeigiza Yuda huwa tunamtenga? Akacheka, lakini hakushawishika sana.

Kazi ya MC ndiyo ina mtego kweli, hasa usiku wazee wakishaondoka na marafiki wa bwana harusi wanataka vichekesho vya chumbani. Mimi huwaambia kabla sijapokea nusu ya malipo kwa M-Pesa: matusi sisemi, na saa tatu naondoka. Wengine hutafuta MC mwingine, sawa tu. Hiyo saa tatu pia ni ya koo, maana ukipayuka hadi usiku wa manane, ibada ya kwanza utaongoza kwa sauti ya chura na tangawizi haitakuokoa.

Kabla mwezi haujaisha, mwalike mchungaji akuone kazini. Inawezekana anahukumu klipu za WhatsApp. Wangu alikuja ruracio Limuru akacheka hadi akavua miwani. Suruali zangu za jukwaani ndizo mchungaji bado hazitaki, na hapo tunaendelea kuvutana.