Toleo jipya limetoka? Sisi bado tuko la 5

Kila toleo jipya la kanuni za Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa askari wadogo na dadu, likitangazwa, haiishi wiki kabla mtu hajanitumia ujumbe: "Kaka, mnahamia lini?" Hatuhami. Hapa Dodoma tunacheza toleo la 5, kitabu cha mwaka 2008, na sioni dalili ya kukiacha. Naandika kwa ajili ya mtu aliye Singida, Kondoa, Manyoni au hapa hapa mjini, mwenye askari wake wa plastiki kabatini, anayeamini kwamba kwa kuwa hana kitabu kipya basi mchezo umemwacha.

Tuanze na hesabu. Toleo la 7 lilitoka 2014, la 8 likatoka 2017, la 9 likatoka 2020, la 10 likatoka 2023. Yaani miaka mitatu mitatu. Kwa mtu wa Nottingham kule Uingereza, nyumbani kwa Games Workshop, kampuni yenyewe inayoutengeneza mchezo, hilo halina shida: duka liko mtaani na wapinzani hawakosekani. Kwa mji ambao wachezaji wake wote wanaenea kwenye bajaji mbili, mambo ni tofauti. Miaka mitatu ndiyo muda wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa UDOM anaingia, anafundishwa, mwaka wa pili ndipo kanuni zinaanza kumkaa kichwani, na wa tatu anamaliza anarudi kwao. Mtumishi wa serikali naye, barua ya uhamisho inamkuta kampeni yetu, yaani mfululizo wa michezo iliyoungana, ikiwa katikati. Watu wanabadilika tayari. Kitabu nacho kikibadilika, hatutacheza tena, tutabaki tunasoma tu.

Kwa hiyo, kama utachukua ushauri mmoja tu kwenye makala hii, chukua huu: usiulize toleo lipi ni bora. Uliza ni toleo lipi lenye mtu anayelijua kwa kichwa pale ulipo. Mtu huyo mmoja anaweza kuwafundisha wengine wanne jioni moja bila kufungua kitabu, na hao wanne ndio kundi. Kwetu aliyekuwepo alikuwa wa toleo la 5. Angekuwa wa toleo la 4, leo ningekuwa nalitetea la 4 kwa nguvu zile zile.

Nisieleweke vibaya. Sisemi cha zamani ni dhahabu. Toleo la zamani lina sifa moja kubwa: limekwisha. Hakuna marekebisho ya pointi, yaani thamani ya kila askari kwenye kanuni, yatakayokuja katikati ya mwezi yakute jeshi lako limeongezeka bei. Ubovu wake wote umeshajulikana, umeshajadiliwa na walimwengu, na dawa zake zipo. Ubovu unaoufahamu unaweza kuupanga kwenye mchezo.

Lakini tofauti zenyewe uzijue, usije ukabishana kwa hisia. Mfano ninaoupenda ni kifaru cha Leman Russ. Kwenye toleo la 5 kina viwango vitatu vya deraya, yaani kinga yake ya chuma: 14 mbele, 13 ubavuni, 10 nyuma. Bunduki ya kawaida ya askari wa Space Marine, boltgun, ina nguvu 4. Unarusha dadu, unajumlisha na 4, unalinganisha na deraya. Ukiwa mbele ya kifaru hata ukipata 6 una 10 tu, unapoteza muda. Ukizunguka ukafika nyuma, hiyo hiyo 6 inakupa 10 sawasawa na deraya, na hapo umekikwaruza. Mkwaruzo wenyewe ni dhaifu, jedwali la madhara linakukata 2 kwenye dadu, ila unaweza kukitikisa kifaru kisipige zamu inayofuata. Sasa fikiria kijana ana askari watano waliobaki, anawapitisha nyuma ya vibanda vya boksi kwa zamu tatu ili tu wafike mgongoni. Mezani kwetu jambo hilo lilipotokea, watu waliokuja kuangalia tu walisimama. Mwenye kifaru alikuwa ameinama shavu likigusa meza, anapima kwa jicho kama kweli wale askari wamevuka pembe ya nyuma au bado wako ubavuni.

Toleo la 8 liliondoa habari hiyo yote. Kifaru kikapewa ugumu na uhai kama kiumbe kingine chochote, na kila silaha ikaweza kujeruhi kila kitu ukipata 6, popote uliposimama. Ni rahisi zaidi, ni haraka zaidi, na ugomvi wa pembe umekwisha. Nawaelewa wanaolipenda. Vilevile yaliondoka maduara ya plastiki ya milipuko na lile umbo la chozi la moto, ambayo ulikuwa unayaweka juu ya askari na kuhesabu wangapi wameguswa. Kinga nayo ilibadilika. Zamani silaha ama ilipenya deraya yako kabisa ama haikuigusa. Sasa inaipunguza kidogo kidogo. Mtu aliyezoea mfumo mmoja akiingia mwingine bila kuambiwa hivi, atadhani anadhulumiwa.

Toleo la 5 lina kidonda chake kikubwa nacho ni ugawaji wa majeraha. Ukiwa na kikosi cha wababe wenye uhai zaidi ya mmoja, na kila mmoja umemvisha kifaa tofauti, kanuni inakuruhusu kumgawia kila mmoja jeraha lake. Unapigwa majeraha matano na hafi hata mmoja. Wajanja walijenga majeshi mazima juu ya tundu hilo. Sisi tuliliziba kwa sentensi moja: majeraha ya kikosi yanajumlishwa, na kila yakitimia uhai wa mtu mmoja, mtu mmoja anaondoka. Kidonda kingine ni vitabu vya majeshi. Vitabu vya Tau na Eldar vya 2006 vilitumika mpaka 2013, wakati Grey Knights walipata kitabu chao 2011 kikiwa na makali ya kutisha. Pointi 1,500 za mmoja si pointi 1,500 za mwingine. Mwenye Grey Knights kwetu anacheza na 1,350, na halalamiki, maana bado anashinda.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Nunueni daftari gumu, lile la kaunta, muandike kila uamuzi mnaoutoa mezani: tarehe, swali, jibu. Sentensi moja kila uamuzi, isiwe aya. Mkibishana katikati ya mchezo, kitabu chenyewe kimeshatoa njia: rusheni dadu, mchezo uendelee, mjadala mfanye baadaye. Uamuzi wa daftarini utolewe mchezo ukiisha, watu wameshakunywa chai, na aliyeshindwa siku hiyo asiwe ndiye anayependekeza. Halafu wekeni mpaka. Daftari la kundi letu halivuki kurasa mbili. Likizidi hapo, fahamuni kwamba mmeshaacha kucheza toleo la zamani, mmeanza kutunga lenu, na mgeni akija hatajua ashike wapi.

Marekebisho rasmi ya toleo lenu yatafuteni mapema, muyachape steshenari na kuyabaindi. Kurasa za zamani mtandaoni hufutwa, na simu ya mwenye nakala ndiyo hiyo itakayoibiwa stendi. Vitabu vyenyewe tunavipata vya mtumba, kupitia ndugu anayerudi kutoka nje na nafasi kwenye begi. Mwelekeze vizuri: namba ya toleo na mwaka, si picha ya jalada peke yake, maana majalada yanafanana na muuzaji wa kule hana habari na shida zako.

Swali ninaloulizwa sana na vijana: "Bro, nimenunua boksi jipya, naruhusiwa?" Unaruhusiwa. Askari wa Primaris waliingia 2017, kwa hiyo toleo la 5 haliwajui, lakini sisi tunawahesabu kama Space Marine wa kawaida. Tatizo dogo ni vitako, vile vibao vya duara wanaposimama askari. Vitako vya zamani vilikuwa vya milimita 25, vya siku hizi ni vikubwa zaidi, na kwenye toleo lenye maduara ya milipuko hilo lina maana: askari waliosimama mbalimbali wanaguswa wachache. Tumeamua mwenye vitako vikubwa asipewe adhabu wala zawadi, na mpaka sasa hakuna aliyelia. Majeshi ambayo hayakuwa na kitabu kabisa wakati huo, kama Adeptus Mechanicus wa 2015 au Leagues of Votann wa 2022, msiyalazimishe. Mwambieni kijana ukweli kabla hajatoa hela yake.

Na mgeni mwenye toleo jipya msimfanyie kejeli. Tangu serikali ihamie Dodoma, watu wanakuja na maboksi yao kutoka Dar, na wamezoea walichozoea. Mchezesheni kwanza toleo lake, mezani kwenu, mchezo mzima. Wiki inayofuata yeye naye atakubali kujaribu lenu. Akiwa anataka mashindano ya nje ya nchi, aendelee na jipya bila kubughudhiwa, kwa sababu huko ndiko linakochezwa. Mtu anayehubiri toleo la zamani kila akifungua mdomo anafukuza wachezaji kuliko bei ya kitabu.

Anayewaambia mmeshikilia maiti, mkumbusheni Warhammer ile ya mapanga na farasi. Mwaka 2015 ilisitishwa, nafasi yake ikachukuliwa na Age of Sigmar. Watu wakaendelea na toleo la 6 na la 8 la Warhammer hiyo majumbani mwao kana kwamba hakuna kilichotokea, na Januari 2024 kampuni ile ile ikairudisha sokoni kwa jina la The Old World. Waliobaki na meza zao walikuwa na majeshi tayari, wamepaka na rangi. Na bao letu la kiswahili, mashimo 32 na kete 64, sijawahi kusikia mzee akisubiri toleo jipya ili anamue.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya Uingereza havina: dadu hadharani, machoni pa watu, ni kamari. Wala hakuna atakayekuuliza mara mbili. Msiende kucheza Nyerere Square wala kwenye baraza la wazi mkirusha dadu ishirini kwa mpigo huku mnapiga kelele. Mama mwenye nyumba tunayochezea alikuja kutuuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, hizo ni hela ngapi?" Tulimpa kiti, tukamwonyesha vifaru, tukamweleza hakuna hata shilingi. Sasa akija mtu kushangaa getini ni yeye anayemjibu. Omba ruhusa mapema, mweleze mwenye nyumba na jirani, na chombo cha kurushia dadu kiwe na kitambaa ndani zisigonge.

Kama huna askari kabisa na hela ni ya mawazo, anza na DBA ya Phil Barker, kanuni za vita vya kale zilizotoka 1990. Hapo napo toleo la zamani linakufaa, japo si kwa sababu zile zile. Jeshi zima ni vipande 12. Kila zamu unarusha dadu moja, namba iliyotoka ndiyo idadi ya amri zako. Ukipata 1 unasogeza kundi moja na kuangalia mengine yakizubaa. Anayetangulia kupoteza vipande vinne, huku adui amepoteza vichache kuliko yeye, ameshindwa. Mchezo unaisha ndani ya saa moja, hata umeme ukikatika mnamaliza na mwanga wa jioni. Toleo la 3, la mwaka 2014, lilibadilisha vipimo, linapima mwendo kwa upana wa kipande na majeshi yanafikiana upesi. Ni zuri kwa waliokwisha kuzoea. Mimi anayeanza namfundishia la 2.2, kijitabu chembamba ambacho nusu yake ni orodha ya majeshi. Vijana huwa wanataka Mkwawa na Wajerumani pale Lugalo, 1891. DBA inaishia karibu na mwaka 1500, haina bunduki za namna ile, na kuikunja mpaka ifike huko ni kuiharibu. Watafutie kanuni za karne ya 19.

Upande wa meza, plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4. Mwambie fundi akate futi 2 upande mmoja. Utabaki na meza ya 6 kwa 4, kipimo tulichocheza miaka yote ya matoleo ya zamani. Toleo la 9 lilileta inchi 44 kwa 60, kwa hiyo mgeni wa jipya anapigiwa mstari wa chaki tu juu ya meza hiyo hiyo. Kipande kilichokatwa ni 2 kwa 4. Kigawe katikati, una viwanja viwili vya DBA vya futi 2 kwa 2. Askari wachore kwenye karatasi ngumu, uwakunje wasimame, kitako upana wa milimita 40. Upepo wa hapa kuanzia Juni hauna adabu, utapeperusha jeshi zima la Warumi mpaka kwa jirani, kwa hiyo chini ya kila kitako gundisha washa mbili za bolti. Gereji yoyote ya pikipiki wanazo zilizochakaa, na ukimwambia fundi ni za kazi gani atakupa bure ili aje kuona.