Kupanda milima bila gari: anza na basi la kurudi

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye na gari anaweza kupanda milima mara kwa mara, au itabidi asubiri lifti za marafiki maisha yote. Umesema pia kinachokutisha ni kukwama huko jioni. Mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili natembea milimani kwa basi, na sijawahi kumiliki gari. Nimekwama mara mbili. Mara zote mbili miguu ilikuwa bado na nguvu na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Basi ndilo nililolikosa: mara ya kwanza nilisoma ratiba vibaya, mara ya pili nilisimama upande usio wa kupandia. Kwa hiyo nitaongelea mabasi zaidi kuliko milima.

Kwanza ujue unachopata. Mwenye gari lazima arudi alipoliegesha, hivyo siku yake yote ni ya kuzunguka, au ya kurudi kwa njia ileile aliyoendea. Wewe huna kitu kinachokusubiri nyuma. Unashukia bonde hili, unapanda, unafuata mgongo wa mlima, unateremkia bonde la pili ambako barabara ni nyingine na basi ni jingine. Ile hali ya kugeuka jioni na kuona mlima mzima uko kati yako na mahali ulipoanzia asubuhi, kwangu haina mfano.

Kuna sehemu za dunia zilizojengwa kwa mtindo huu. Uswisi ina zaidi ya kilomita 65,000 za njia za miguu zenye alama, na vibao vyake vya njano havikuandikii kilomita, vinakuandikia muda wa kutembea bila mapumziko, mara nyingi na picha ndogo ya basi au treni mahali unapoweza kupandia. Mtembeaji wa basi anahitaji hasa namba hiyo, maana basi haliulizi umetembea umbali gani. Hong Kong nako njia ya MacLehose, iliyofunguliwa mwaka 1979, ina urefu wa kilomita 100 na imegawanywa sehemu 10; wengi huimaliza kipande kwa kipande, wikendi hadi wikendi, wakienda na kurudi kwa usafiri wa umma.

Sasa kwenye kupanga. Wengi huchagua njia kwanza, halafu ndipo wanatafuta basi la kuwafikisha, na la kurudi wanaliangalia mwisho kabisa. Mimi naanza na la kurudi. Nafungua ratiba, natafuta basi la mwisho la siku hiyo, halafu nalisahau. Safari naipangia basi lililo kabla ya hilo. La mwisho ni akiba yangu, na akiba haiguswi.

Chukua mfano. Basi la mwisho linapita saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, la kabla yake saa kumi na dakika kumi. Nataka niwe kituoni saa kumi kasorobo. Njia ni kilomita 12 na jumla ya mwinuko ni mita 750. Hapo natumia kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: kwa vipimo vya leo, saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 ni saa mbili na dakika 24, mita 750 ni saa moja na robo, jumla saa tatu na dakika 39. Hiyo ni ya mtu mwepesi asiyesimama. Mimi naongeza theluthi kwa ajili ya kupumzika, kupiga picha na kupotea kidogo, inakaribia saa nne na dakika 50. Nikirudi nyuma kutoka saa kumi kasorobo, lazima niwe nimeanza kutembea kabla ya saa tano asubuhi. Kama basi la asubuhi linafika saa sita, njia hiyo siku hiyo haiwezekani. Naiacha bila kubishana nayo.

Jambo la pili lilinichukua miaka kulielewa. Ukishapata vituo viwili, kimoja kila mwisho wa njia, linganisha mabasi yake. Anzia kwenye kituo chenye mabasi machache, malizia kwenye chenye mabasi mengi. Asubuhi saa iko mikononi mwako: ukiamka mapema, basi linalopita mara mbili kwa siku utalipata. Jioni saa iko mikononi mwa mlima. Goti likiuma, mto ukijaa, mwenzako akichoka, utachelewa, na hapo unataka kutokea kwenye barabara yenye basi kila nusu saa. Kanuni hii naivunja tu pale ambapo kituo kimoja kiko juu sana kuliko kingine. Kushukia kituo kilicho mita 300 juu zaidi kunakuondolea nusu saa ya kupanda.

Kuhusu ratiba yenyewe, isome kama mkataba. Siku niliyokwama mara ya kwanza nilikuwa nimeona wazi kabisa basi la 16:25. Nilifika kituoni saa kumi na dakika tano, nikakaa kwenye jiwe, nikavua viatu. Saa kumi na nusu ikapita. Nikainuka kuitazama karatasi ya ratiba iliyokuwa imebandikwa kwenye nguzo, nyuma ya plastiki iliyofifia, maji yameingia kwenye kona. Juu ya safu ya 16:25 kulikuwa na herufi moja ndogo. Chini kabisa ya karatasi, kwa maandishi ya ukubwa wa punje ya mchanga, herufi hiyo ilielezwa: siku za shule tu. Ilikuwa likizo. Basi lililofuata lilikuwa kesho yake.

Tangu siku hiyo kila safu naifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini. Siku za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu ni ratiba nne tofauti. Msimu nao ni ratiba nyingine. Kule Uingereza kuna basi linalofuata ukuta wa Hadrian, ukuta wa kale wa Warumi, lenye namba AD122 kwa kuwa ukuta ule ulianza kujengwa mwaka 122. Kwa miaka mingi lilikuwa basi la msimu, likilala miezi ya baridi. Mtu aliyesoma maelezo ya kiangazi akaenda majira ya baridi angekuta kituo kipo na basi halipo.

Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Ratiba inaandika 17:40, mdomo unasema saa kumi na moja na dakika arobaini, na mwenzako akiandika 11:40 kwenye simu yake mmeshapotezana. Ninapomtumia mtu mpango wa safari naandika saa kama ratiba ilivyoziandika, namba kwa namba.

Mara ya pili nilikwama nikiwa nimewahi, na hii bado inaniuma. Nilifika barabarani dakika kumi kabla. Nikasimama upande ambao magari yalikuwa yakielekea nilikotaka kwenda. Basi likaja kutoka upande wa pili, likasimama ng'ambo, mama mmoja akashuka na kikapu, likaingia kijijini. Nilijua litageuza na kurudi upande wangu. Halikurudi upande wangu. Lilizunguka kijiji na kutokea barabara ya juu, nikaliona taa zake za nyuma zikipanda kona. Kituo kilikuwa kimoja kwa pande zote mbili, na pale ng'ambo ndipo pa kupandia. Nilitembea kilomita tisa kwenye lami gizani, barabara haina ukingo, kila gari likija naingia mtaroni. Hakuna mlima ulionitisha kama lami ile.

Kwa hiyo basi la asubuhi likikupitisha karibu na utakakomalizia, kaa dirishani uangalie kituo kilipo na njia ya miguu inatokea wapi. Muulize dereva au kondakta: "Jioni napandia upande gani?" Wanajua, na wengi hufurahi kuulizwa. Kuna vituo ambavyo basi halisimami mpaka unyooshe mkono, na dereva hawezi kumwona mtu aliyekaa kwenye majani na nguo za rangi ya majani. Simama, onekana. Kumbuka pia kwamba kituo chenye jina la kijiji kinaweza kuwa njia panda, na kijiji kiko kilomita tatu ndani. Pima kwenye ramani kuanzia kwenye alama ya kituo.

Piga picha ratiba ya kituo unaposhuka, pande zote mbili za karatasi. Mabonde mengi hayana mtandao, na programu ya simu uliyoitegemea nyumbani itakuonyesha duara linalozunguka tu. Weka hali ya ndege ukiwa juu, ili betri ibaki kwa ajili ya jioni. Mwambie mtu nyumbani basi utakalopanda na basi la akiba, halafu umjulishe ukishakaa kwenye kiti. Akijua mabasi hayo mawili, anajua pia saa ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Tafuta pia njia zenye milango ya kutokea. Mgongo wa mlima unaoambatana na bonde lenye barabara ya basi ndio bora kwa anayeanza, kwa sababu kila baada ya kilomita kadhaa kuna kijia cha kuteremkia. Weka alama kwenye ramani mahali pa uamuzi: "Nisipofika hapa saa nane, nateremka." Uamue ukiwa nyumbani umekaa. Ukiwa juu, kilele kinaonekana karibu kuliko kilivyo, na kitakushawishi.

Begani mimi hubeba soksi kavu na mfuko wa kuwekea viatu vyenye tope. Navibadilisha kituoni, fimbo nazikunja, begi nalipakata. Abiria wengine wametoka kazini, nao wanataka kiti kisafi.

Kwa safari ya kwanza chagua njia fupi, isiyozidi saa tatu za kutembea, inayoishia kwenye barabara yenye mabasi mengi. Ukishaipata, weka hapa majina ya vituo viwili, kilomita, mwinuko na saa za mabasi, tukupigie hesabu kabla hujaondoka.