Kurone tatu kwa mwezi mmoja: difu ya bagi katika vumbi la makoro

Msomaji mmoja wa Katindo, hapa Goma, ameniandikia wiki hii akiwa karibu kukata tamaa. Bagi yake ya mbio, yaani gari dogo la umeme la kuongozwa kwa rimoti, la 1/10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), inayovuta kwa magurudumu yote manne, imekula kurone tatu ndani ya mwezi mmoja. Kurone ni gia kubwa ya difu ya mbele, na difu ndiyo inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Anauliza wapi pa kupata kurone ya chuma kigumu zaidi. Ndugu yangu, jibu langu litakuuma: ukiifunga ya nne kama ulivyozifunga hizo tatu, nayo itakwenda. Kurone haiuawi na ulaini wake. Inauawa na nafasi uliyoiacha kati yake na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na mchanga unaoingia katika nafasi hiyo.

Mchanga kwanza, maana wa Goma una tabia zake. Vumbi letu jeusi ni makoro yaliyosagwa na matairi, mwamba wa Nyiragongo wenye madini kama nefelini na olivini. Ugumu wa madini hayo ni kati ya 5.5 na 7 katika kipimo cha Mohs. Alumini haifiki 3, na chuma cha kawaida kiko kwenye 4 hadi 5. Kila punje inayonaswa ndani ya grisi yako ni kipande cha msasa kinachozunguka pamoja na gia. Video nyingi tunazotazama zimepigwa kwenye viwanja vya zulia, au vya udongo ulioshindiliwa na kumwagiwa maji, na mafundi wake hupaka grisi kila kiungo kinachozunguka. Ukiwaiga hapa unajitengenezea dawa ya kusagia vyuma. Grisi iwekwe ndani ya kilichofungwa tu. Kilicho wazi kiende kikavu: viungo vya kardani ya katikati (mhimili unaopeleka nguvu mbele na nyuma), pini zake, na gia kuu pamoja na pinioni ya mota inayoizungusha. Baada ya kila betri, yaani kila ukimaliza chaji moja, vipige brashi kavu.

Sasa fungua sanduku la difu ya mbele. Osha vyuma vitupu kwa petroli, lakini pete za mpira na plastiki zioshe kwa alkoli ya duka la dawa, kwa sababu petroli huvimbisha mpira. Kabla ya kugusa gia, shika beringi mbili za difu (nyingi za 1/10 ni mm 10×15×4) na uzitikise. Ikiwa duara la ndani linacheza ndani ya lile la nje, tupa. Hakuna washa, kile kipete chembamba cha kujazia nafasi, itakayotibu beringi iliyokufa. Angalia pia kiti cha beringi kwenye plastiki ya sanduku: kikiwa kimepanuka na kuwa na umbo la yai, difu nzima husogea kila ukiongeza kasi, na kinachohitajika ni sanduku jipya. Pesa za kurone ya chuma zilipaswa kwenda huko.

Kuna nafasi mbili za kupima, na wengi hupima moja tu. Ya kwanza ni ya difu kwenda kushoto na kulia. Washa nyembamba za mm 0.1 au 0.2 zikiwekwa upande wa mgongo wa kurone huyasukuma meno yake kwenye pinioni. Zikiwekwa upande wa pili huyarudisha. Ongeza moja moja, funga sanduku kabisa kwa skrubu zake zote, kisha zungusha pinioni kwa vidole hadi kurone imalize mzunguko kamili. Unatafuta mchezo mdogo sana, ambao vidole vinausikia lakini macho hayauoni. Ikikaza mahali pamoja na kulegea pengine, kurone haikukaa sawa juu ya kikombe chake: kuna uchafu chini yake, au skrubu zake zilikazwa kwa kufuata duara. Zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo. Na usikate washa kutoka kwenye kopo la soda. Alumini ile husagika ndani ya siku chache, nafasi inarudi, na unga wake unabaki ndani ya grisi.

Nafasi ya pili, inayosahaulika, ni ya pinioni kwenda mbele na nyuma. Shika mhimili wake, vuta, sukuma. Ukisikia "tik", hapo ndipo kurone zako zilipofia. Gia za pembe kama hizi husukumana zinapobeba mzigo. Pinioni yenye uhuru wa kurudi nyuma itarudi, na meno yatagusana kwa ncha badala ya tumbo. Ncha ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo jino linang'oka. Washa ya mm 0.1 kati ya pinioni na beringi yake, au mbili, inamaliza jambo hilo. Nasisitiza kwa sababu hiki ndicho kipimo nafuu kuliko vyote katika bagi nzima, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Grisi ya hapo ndani iwe ile nyeusi yenye molibdeni, ambayo maduka ya vipuri ya Birere huuza kwa ajili ya kardani za magari. Paka kiasi cha kujaza mabonde ya meno, basi. Ukijaza sanduku, joto litaisukuma nje kupitia beringi, na makoro yatafuata njia hiyohiyo kuingia.

Mafuta ya ndani ya difu ni jambo jingine kabisa, na hapa naona kosa linalorudiwa sana: watu kumimina mafuta namba 90 ya giaboksi ya gari. Difu ya bagi hutaka mafuta ya siliconi yanayopimwa kwa sentistoki, kipimo cha uzito wa mafuta yanapotiririka. Kwa 1/10 anza na 7000 mbele na 5000 nyuma. Namba 90 kwenye nyuzi 40 za joto haizidi sana sentistoki 200, na kwenye nyuzi 100 inashuka chini ya 20. Kwa difu ya namna hii hayo ni kama maji. Gurudumu la mbele likiinuka kwenye kona linazunguka bure kwa kasi kubwa, kisha linatua ghafla, na pigo lote linapokelewa na kurone. Siliconi haibadiliki sana kwa joto, ndiyo maana inatumika. Mimina mpaka mafuta yafunike gia ndogo za ndani, acha dakika 15 mapovu yapande, ongeza kidogo, na uache nafasi kidogo kwa sababu mafuta hutanuka. Mwenye mizani ya sonara apime difu kabla na baada, aandike uzito, ili safari ijayo ajaze kiasi kilekile. Kwenye vumbi letu badilisha kila betri 15 hadi 20. Yakitoka ya kijivu, pete za mpira zimechoka. Mbili mpya zina bei ndogo kuliko chupa moja ya mafuta.

Klachi ya kuteleza ipo ili itangulie kushindwa kabla ya gia. Shika magurudumu mawili ya nyuma kwa mkono mmoja, usukume gia kuu kwa dole gumba. Iteleze, lakini kwa shida. Isipoteleza kabisa, legeza nati robo mzunguko na ujaribu tena. Usitegemee kuisikia ikiteleza uwanjani, kwa maana juu ya changarawe zetu matairi huteleza kabla yake na kukudanganya kwamba klachi iko sawa. Siku utakaporuka na kutua huku mota inavuta kwa nguvu, tairi litashika ghafla, na klachi iliyokazwa mno haitaokoa kitu. Wenye bagi za 1/8 kwa kawaida hawana klachi hiyo: difu ya kati ndiyo inayofanya kazi, na mafuta ya 7000 ni mwanzo mzuri.

Mbadilishano wa gia kati ya mota na gia kuu uangaliwe kwa kukumbuka kwamba tuko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, na kwa hiyo inapooza mota kwa unyonge zaidi. Kama maelezo ya kiwandani yanasema pinioni ya meno 21 na gia kuu ya 81, uwiano wao ni 3.86, anza na meno 20, ambayo ni 4.05, halafu pima joto la mota baada ya dakika tano. Likizidi nyuzi 75, punguza jino jingine. Meno yawe ya kipimo kimoja: moduli 0.5 na pichi 48 (vipimo viwili vya ukubwa wa jino) zinafanana kwa macho, lakini zikikutanishwa zinatafunana. Kupanga nafasi kati yao, bana ukanda wa karatasi ya daftari, kaza mota, toa karatasi, kisha jaribu sehemu nne za gia kuu, kwa sababu nyingi si duara kamili.

Bagi za mikanda zina heshima yake, lakini kwa Goma sizishauri. Kijiwe kimoja kati ya mkanda na puli kinaurusha meno au kuukata. Ya kardani yenye masanduku yaliyofungwa ndiyo yetu.

Na upepo wa kompresa ya fundi wa matairi: usiuelekeze kamwe kwenye beringi. Unapitisha mchanga chini ya kifuniko cha mpira, tena mara nyingi una maji ndani.

Zile kurone tatu usizitupe. Zipange mezani uzisome. Meno mawili au matatu yaliyong'oka mahali pamoja, mengine yakiwa mazima, ni pigo: shughulikia klachi na mafuta ya difu. Ncha zilizoviringika kuzunguka duara lote ni nafasi: rudi kwenye washa, anza na ya pinioni. Meno yote yaliyokonda sawasawa, yanang'aa na kukata kidole kama wembe, ni makoro: tafuta mahali sanduku linapopitisha vumbi, kwa kawaida ni pale beringi ya pinioni inapotokea. Ukishafunga ya nne, endesha betri moja kwa nusu ya nguvu, fungua, futa grisi, utazame alama ya mng'ao kwenye meno. Ikiwa katikati ya tumbo la jino, funga uende uwanjani. Ikiwa kwenye ncha au pembeni, sogeza washa moja ya mm 0.1 na uanze tena.