Mtihani wa nadharia wa udereva: usijibu kama unavyoona madereva wanafanya

Watu wengi wanaojifunza gari akili yote wanaiweka kwenye klachi na rivasi, nadharia wanasema ntaipitia usiku wa mwisho. Afu unakuta anayeteseka na karatasi sio mgeni wa magari, ni yule konda wa siku nyingi au jamaa wa kuosha magari ambaye kusogeza sogeza gari anaweza kabisa. Mimi sishangai. Kichwa chake kimejaa vitu alivyoviona barabarani tangu mdogo, na mtihani hauulizi huku Moshi watu wanaendeshaje, unauliza sheria inasemaje.

Chukua malori. Umepanda gari ya Arusha, mmefika nyuma ya lori limejaza mzigo, likiwasha indiketa ya kulia dereva wenu anatulia maana ameshaambiwa mbele kuna gari inakuja, likiwasha ya kushoto anakanyaga mafuta anapita. Njia nzima iko hivyo na wanaelewana vizuri tu, sibishi. Ila kwenye karatasi ukiulizwa gari lililo mbele yako limewasha indiketa ya kulia lina maana gani, jibu ni kwamba linataka kwenda kulia, ama linapinda ama linahama upande, basi, na kuovateki ni uamuzi wako wewe unayeona mbele kuko wazi, sio wa lori. Hivyo hivyo na kupigiwa taa mchana na gari inayokuja, sote tunajua maana yake trafiki yupo na tochi ya kupima spidi, ila hiyo usiandike jamani.

Kipilefti, yaani ule mzunguko wa kwenye makutano ya barabara, ndo kinakamata wengi. Ukisimama pale YMCA Moshi jioni utadhani sheria ni mwenye gari kubwa anaanza, na boda anapita popote penye upenyo. Sheria yenyewe fupi: tunaendesha kushoto, kwa hiyo kabla hujaingia unaangalia kulia kwako, aliyeko tayari ndani ya mzunguko ndo mwenye haki, wewe unasubiri. Kwenda kushoto unawasha kushoto mapema. Kwenda kulia unaingia na indiketa ya kulia, afu ukishapita njia ya mwisho kabla ya ile utakayotokea ndo unabadilisha unawasha kushoto. Kunyoosha huwashi kitu wakati wa kuingia, unawasha kushoto wakati wa kutoka.

Mwalimu wetu wa chuo alikuwa anatuchorea kipilefti kwa chaki juu ya meza, magari ni vizibo vya soda, anapanga vinne kila kimoja njia yake afu anagonga meza, "Cha Fanta ni wewe, nani anaanza?" Ukichelewa anasogeza kizibo kingine anakigonga cha kwako, darasa zima linacheka. Mimi naona ile meza ilinisaidia kuliko daftari lote, na nyumbani unaweza kufanya na mwenzako bila hela yoyote.

Kwenye alama usianze kukariri picha moja moja utachoka bure, anza na umbo na rangi. Pembetatu yenye mpaka mwekundu inakuonya, mbele kuna kona, ng'ombe, watoto, mteremko. Duara lenye mpaka mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Zile mbili zenye umbo la peke yake, pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini ya kutoa nafasi na ile ya pembe nane ya simama, zimefanywa hivyo ili uzijue hata kama zimejaa vumbi au unaziona kwa nyuma. Ukishashika hilo, hata picha usiyowahi kuiona utapunguza majibu mawili papo hapo.

Zoezi ninalolipenda mimi ni la bure kama una safari: kaa siti ya mbele kwenye haisi ya kwenda Arusha, kila kibao kitaje kimoyomoyo kabla gari haijakipita, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru, kote huko vibao vya spidi 50 vimepangana. Na usiishie kuona 50, tafuta na kile kinachofuta hiyo 50, maana mtihani unapenda kuuliza kizuizi cha spidi kinaishia wapi. Angalia na mistari ya katikati pia, mstari usiokatika upande wako huruhusiwi kuuvuka kuovateki, uliokatika katika unaruhusiwa kama mbele ni salama, ikiwa miwili unafuata ule ulio karibu na wewe.

Taa ya njano madereva wa Arusha mjini wanaichukulia kama filimbi ya kuanzia mbio, kumbe inakutaka usimame, isipokuwa umeshakaribia sana kiasi kwamba ukifunga breki ni hatari. Na taa ikiwa kijani huku trafiki amekunyooshea mkono wa kusimama, unamsikiliza trafiki. Zebra nayo wala usijiulize mara mbili, mtu ameshakanyaga pale unasimama, hata kama haisi ya nyuma inakupigia honi.

Siku yenyewe soma swali mpaka mwisho, hasa likiwa na "isipokuwa" au "hairuhusiwi", hapo ndo mtu anayejua jibu anakosa kwa haraka tu. Zile pdf za maswali zinazozunguka WhatsApp zitumie kujipima, ila nyingine majibu yake yamejazwa na mtu kama wewe tu aliyekuwa anabahatisha, kwa hiyo jibu likikutia mashaka mpelekee mwalimu wako, na asipokuelewesha muombe achore kwenye meza.