Geuza Chupa Usome Nyuma Kabla ya Kulipa

Juzi dada mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Alinunua lita kumi za juisi ya zabibu, akatia chachu ya mvinyo, akafunga dumu, akangoja. Wiki nzima kimya. Hakuna povu, hakuna kiputo, chachu imetuama chini. Akaongeza nyingine, nayo ikatuama. Akaniuliza kama aliuziwa chachu mbovu. Nikamwomba picha ya nyuma ya chupa ya juisi. Pale mwishoni kabisa mwa viambato, kwa maandishi ya kuumiza macho, palikuwa na E202.

Hiyo ni potasiamu sobeti. Kazi yake ni kuizuia chachu isizaliane, na chachu isiyozaliana haiwezi kulimaliza dumu zima la sukari. Mwenzake ni sodiamu benzoeti, E211. Ukiona mojawapo, rudisha chupa ulipoitoa. Mtu asikwambie uichemshe, utapoteza moto bure. Salfaiti, kemikali nyingine za kuhifadhi, zile za kuanzia E220 hadi E228, zina nafuu: zikiwa kidogo, koroga juisi sana, iache siku moja chini ya kitambaa safi, ndipo utie chachu.

Haya nayasema kwa uchungu. Kuna muuzaji aliwahi kuniapia kwamba juisi yake ya madumu ni zabibu tupu, haina kitu. Haikuchachuka hata kidogo. Nilipomrudia akanijibu mbele ya wateja wake kwamba sisi watu wa mvinyo wa nyumbani tuna usumbufu, twende tukanunue mvinyo dukani kama wenzetu. Neno lile bado linaniuma. Tangu hapo sinunui juisi isiyo na lebo, hata muuzaji awe mcha Mungu namna gani.

Wengine wanaogopa juisi iliyopashwa moto kiwandani. Msiiogope. Mwaka 1869, huko Vineland, New Jersey, daktari wa meno aitwaye Thomas Bramwell Welch, Mmethodisti, alipasha moto juisi ya zabibu ili isichachuke, apate kinywaji kisicho na kilevi kwa ajili ya meza ya Bwana. Biashara ya juisi ya chupa nchini Marekani ilianzia hapo. Lakini moto wake uliua chachu iliyokuwamo tu. Ukishapoa hauachi kitu ndani ya juisi, na chachu utakayoitia wewe itaishi vizuri. Kemikali ndiyo inayobaki ikilinda chupa.

Kama una shaka, mimina glasi moja, nyunyiza chachu kidogo, funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto. Kesho yake au keshokutwa juisi nzuri itakuwa imeanza kutoa viputo. Glasi moja ikiharibika si msiba.

Sasa sukari. Soma gramu zilizoandikwa kwa kila mililita 100. Ikiwa 16, lita moja ina gramu 160, na kwa kuwa kila gramu 17 hivi kwa lita hukupa asilimia moja ya kilevi, utapata kama asilimia 9. Unataka 12? Ongeza gramu 45 hivi kwa lita, kisha hakikisha kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya juisi kuonyesha sukari iliyomo. Hapa ndipo wengi wanapomwaga sukari kwa kukisia, halafu wanalalamika mvinyo umekuwa asali! Ndugu zangu, kipimo kipo, tukitumie. Juisi iliyokolezwa nayo ni nzuri, ila punguza maji kuliko wanavyoelekeza, maana maelekezo yale ni ya kinywaji. Kile kinachoitwa nekta au kinywaji cha zabibu kiacheni, kimeshatiwa maji.

Na aina ya zabibu ina maana. Concord, iliyomfaa sana Welch, ina harufu yake ya peke yake inayobaki hadi mwisho. Wapo waipendao, mimi hapana. Nikipata juisi iliyotajwa aina ya zabibu za mvinyo, Merlot kwa mfano, naichukua hata ikiwa ghali. Mvinyo ninaokunywa mwezi huu umetoka kwenye juisi kama hiyo, na sioni haya kusema ni mzuri: mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, mwekundu wa kung'aa. Mgeni aliyekuwa akitubeza aliomba glasi ya pili.

Aliye karibu na shamba la mizabibu amebarikiwa. Nenda msimu wa mavuno, uliza juisi imekamuliwa lini na ina sukari kiasi gani, ibebe ikiwa baridi. Usijaze dumu hadi mdomoni wala usilikaze kifuniko: juisi mbichi ina chachu zake za shambani, na ikipata joto njiani itaanza kuchachuka yenyewe na kulivimbisha dumu kabla hujafika nyumbani.