Nimemaliza mionzi ya titi: nitarudi vipi kwenye baiskeli na wanangu?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina miaka 44, naishi Ngamiani, Tanga. Miezi kumi iliyopita nilitolewa titi la kushoto kwa saratani, pamoja na matezi ya kwapani. Nikapata dripu nane, nne za ile dawa nyekundu na nne za paklitakseli, kisha mionzi pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoisha wiki tano zilizopita. Sasa nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi. Kabla sijaugua, kila Jumapili asubuhi tulikuwa tunatoka kwa baiskeli, mimi, mume wangu na watoto wetu wa miaka 9 na 13, mpaka Raskazone. Natamani turudie, lakini vidole vina ganzi, nachoka upesi, na jirani ananitisha kwamba mkono utavimba. Baiskeli yangu ni ya kike, inchi 26, breki za vyuma.

JIBU: Pole sana dada kwa yote uliyopitia, na hongera kwa kumaliza tiba. Kwa unavyojieleza, sioni la kukuzuia kurudi Raskazone, ila anza na vipimo, kisha breki, ndipo barabara.

Dawa nyekundu, yaani doksorubisini, inaweza kudhoofisha moyo, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Muulize daktari wako kama eko ya moyo, yaani kipimo cha ultrasound ya moyo, imerudiwa tangu umalize. Omba pia picha kamili ya damu. Hb, yaani kiwango cha damu, ikiwa chini ya 8 usipande baiskeli kabisa. Kati ya 8 na 10 panda polepole, mahali tambarare tu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini ya 50,000 subiri, kwa sababu ukianguka unaweza kuvuja damu ndani bila kujua. Siku yenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, pumzika na uwasiliane na hospitali. Na kwa kuwa unameza tamoksifeni, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda, ndama ya mguu mmoja ikivimba na kuuma usidhani ni misuli ya baiskeli. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu mkono, jirani anasema kilichoaminika kwa miaka mingi. Lakini utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia wanawake wa hali yako walionyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo na kuongeza kidogo kidogo, na uvimbe wa mikono yao haukuzidi ule wa wenzao ambao hawakufanya zoezi hilo. Kwa hiyo usiuogope mkono, uupime. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzingo sentimita 10 juu ya kiwiko na sentimita 10 chini yake, mikono yote miwili, na uandike kabla hujapanda mara ya kwanza. Rudia kila wiki, siku ileile na saa ileile. Mkono wa kushoto ukizidi vipimo vyake vya mwanzo kwa sentimita 2, au pete na saa vikianza kubana, rudi kliniki mapema, maana uvimbe mchanga hutibika kwa urahisi zaidi. Ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hayo ni maambukizi ya ngozi na hayasubiri kesho. Vaa glavu, mchubuko wowote uoshe kwa maji na sabuni papo hapo.

Sasa breki, na hapa ndipo nina wasiwasi kuliko kwenye mkono. Breki za vyuma zinataka nguvu ya kiganja, na paklitakseli imekuondolea hisia kwenye vidole: unadhani umekamata kumbe umegusa tu. Fundi anaweza kukushauri akufungie breki za waya kwenye baiskeli hiyohiyo. Usikubali kabla hajakagua rimu. Rimu za breki za vyuma zimepinda kwa namna ambayo mpira wa breki hubana upande wa ndani, unaotazama spoki. Breki za waya hubana ubavuni, na rimu hizo hazina ubavu bapa. Mpira utateleza, hasa mvua ikinyesha. Ukibadilisha breki ni lazima ubadilishe na rimu, na hapo gharama inakaribia bei ya baiskeli nyingine.

Mimi ningekushauri utafute baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya akina mama: fremu iko chini kiasi kwamba hunyanyui mguu juu wala kuuvuta mwili kwa mkono, breki ni za waya, na cheni imefunikwa, hivyo kanga au baibui havinaswi. Mwambie fundi aweke waya mpya na autie grisi, kisha asogeze mpira wa mbele ubaki milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu. Jaribu hivi: sukuma baiskeli huku ukibana breki kwa vidole viwili tu. Gurudumu lisimame, na mkono wa breki usifike karibu na mshikio kuliko upana wa kidole gumba. Ukishindwa, usitoke nayo.

Kiti kwanza kiwe chini, nyayo nzima za miguu yote miwili zikanyage ardhi ukiwa umekaa. Magoti yatalalamika kidogo, lakini hutaanguka. Ukishajiamini, kipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unyooke. Usukani uzidi kiti kwa sentimita 3 hadi 5, ili uzito wa mwili ukae kwenye makalio badala ya viganja. Unapopandisha kiti au usukani, usipitishe alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bomba lake. Ikionekana nje, bomba linaweza kukatika. Kila dakika 10 simama, inua mkono wa kushoto, funga na fungua ngumi mara 15.

Wiki mbili za kwanza panda dakika 10 hadi 15, siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Halafu ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30. Kasi iwe ile inayokuwezesha kumaliza sentensi bila kuhema. Ukiweza kuimba, kanyaga zaidi. Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala, mazoezi ya kiasi ndiyo huupunguza. Asubuhi ya pili ukiamka hoi kuliko jana, punguza dakika kwa theluthi, ila usiache. Pumzi ikikata ukilala chali, miguu ikivimba au moyo ukienda mbio bila sababu, acha na urudi kwa daktari.

Kinachoharibu raha ya familia mara nyingi ni kasi. Mtoto wa miaka 13 akitangulia, mama anajikaza, kesho yake anashinda kitandani na wote wanaogopa kutoka tena. Kwa hiyo msianze na Raskazone. Chagueni mzunguko wa kilomita moja hivi kwenye mitaa tulivu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla bodaboda hazijajaa. Kila mtu azunguke kwa kasi yake: wakubwa wakimaliza mizunguko mitatu wewe ukimaliza mmoja, mnapishana na kupungiana mikono, hakuna anayemsubiri mwenzake, na ukichoka nyumbani ni karibu. Mdogo mpe kazi ya kushika saa na kukuita kila dakika 10. Ni kazi ya kweli, na mtoto aliyekuona ukiugua bila la kufanya anaipokea kwa furaha.

Ukifikisha dakika 30 bila kuamka hoi, nendeni Raskazone. Wewe kaa kushoto, mume wako akufuate nyuma kidogo upande wa kulia, magari yamwone yeye kwanza. Anzeni kwa kukata upepo, mrudi ukiwasukuma. Vaa blauzi pana ya mikono mirefu, kwa kuwa ngozi iliyopigwa mionzi huungua upesi juani, na mbebe maji na nauli ya bajaji ya kukurudisha wewe. Baiskeli yako mumeo ataikokota.

Majibu ya eko na Hb yakitoka, niandikie pamoja na vipimo vya mikono, nikupangie kuanzia wiki ya tano.