Je, Dhambi Ni Ileile kwa Kila Mtu?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ikiwa dhambi humtegemea mtu, kwa kuwa rafiki yako mmoja huiita divai dhambi, ilhali mwingine, Mkristo vilevile, huinywa bila wasiwasi. Swali hilo liliwagawa Wakristo wa Korintho tangu karne ya kwanza, kwa sababu ya nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Paulo aliwajibu kwamba sanamu si kitu, lakini anayeila nyama hiyo huku moyoni akiiona ni ibada hutia dhamiri yake unajisi, na yule mwenye ujuzi anayemkwaza ndugu yake dhaifu kwa kula mbele yake humkosea Kristo mwenyewe. Nyama ni ileile, lakini kosa la huyu si kosa la yule.

Usifike, hata hivyo, mahali pa kusema kwamba kila mtu ana dhambi zake za kujichagulia. Wizi ni wizi, uzinzi ni uzinzi, na Warumi 3:23, isemayo kwamba wote wamefanya dhambi, haimbakizi mtu nje. Kinachotofautiana ni uzito wa hatia. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 4, kuhani aliyekosa bila kukusudia alitoa ng'ombe dume mchanga, mtawala mbuzi dume, na mtu wa kawaida mbuzi jike. Naye Yesu, katika Luka 12, alisema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyafanye atapigwa sana, na asiyejua atapigwa kidogo. Angalia kwamba hata huyu wa pili hakuachwa. Wakatoliki hufundisha kwamba dhambi ya mauti, yaani ile inayomtenga mtu na neema ya Mungu, huhitaji jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa ya makusudi.

Siku moja nilirudishiwa chenji iliyozidi, nikaitia mfukoni bila kuihesabu. Hadi hapo sikuwa nimemwibia mtu. Jioni nilipoihesabu nikajua, kisha nikanyamaza siku tatu (na sijivunii hilo), ndipo nilipoielewa Yakobo 4:17: ajuaye kutenda mema, wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi.

Kuhusu divai, Maandiko hulaani ulevi waziwazi, si kila kikombe. Lakini ukikaa mezani na huyo rafiki anayeiogopa, iache, wala usimcheke.

Baba yako